Mpira wa Vikapu Hauchezwi kwa Mikono Pekee

Mtaa wa Landless, ulio Thika upande wa barabara iendayo Garissa, una jina linalomshangaza mgeni. Maana yake ni watu wasio na ardhi. Siku hizi ardhi imegawanywa na kujengwa, na kilicho adimu ni mahali pa watoto kuchezea. Hata hivyo, vijana wa mtaa hawakosi mbinu. Wamesimika mlingoti kwenye kiwanja cha vumbi, wakaupachika ringi isiyo na wavu, na kila alasiri mpira hudunda pale hadi giza liingie.

Ni hapo aliponijia mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, jioni ya siku ambayo timu ya shule ilikuwa imeteuliwa na jina lake likakosekana. Alinisalimu kwa adabu, kisha akanyamaza kitambo.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "nimeachwa tena. Nadhani mpira wa vikapu haunitaki."

Nami, kwa haraka inayotusibu sisi walimu jua linapozama na madaftari hayajasahihishwa, nikamjibu, "Vyema. Rudi kwenye vitabu. Mpira haujamshibisha mtu hapa."

Kijana akaitikia kwa kichwa, akaniachia daftari lake la Hisabati nilikague, akaenda zake. Usiku nilipolifungua, nilikuta kurasa za nyuma zimejaa mistari iliyochorwa kwa rula. Alikuwa ameandika majina ya wachezaji wa timu yetu, idadi ya mipira waliyorusha, iliyoingia na iliyopotea, na pembe ya kiwanja ambayo kila mmoja alirushia. Pembeni alikuwa ameandika maoni mafupi. Mmoja, alisema, huchoka robo ya tatu; mwingine hapokei mpira vizuri kwa mkono wa kushoto. Msomaji mpendwa, nimekuwa nikiitazama timu hiyo miaka kadha wa kadha, na sikuwa nimeyaona hata nusu ya yale aliyoyaona mtoto yule.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Masai Ujiri.

Jina hilo halihitaji kufafanuliwa kwa Mkenya. Mamake Ujiri ni daktari kutoka Kenya na babake ni Mnigeria. Alizaliwa Bournemouth, Uingereza, mwaka wa 1970, akalelewa Zaria, kaskazini mwa Nigeria. Utotoni alipenda kandanda, na alipofika umri wa miaka kumi na mitatu hivi ndipo mpira wa vikapu ulipomteka. Alivuka bahari akaenda Marekani, akasoma na kucheza katika chuo cha Bismarck, jimbo la North Dakota, kisha akawa katika chuo kikuu kilichoko Billings, jimbo la Montana. Baadaye alicheza mpira wa kulipwa katika ligi za Ulaya.

Je, alikuwa nyota? La hasha! Hakuwahi kucheza hata mchezo mmoja katika NBA, ile ligi ya Marekani ambayo kila kijana arushaye mpira huiota. Ilipofika mwaka wa 2002 alikuwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini, na safari yake ya uchezaji ikafika kikomo. Lau angeyachukua yale maneno niliyomwambia mwanafunzi wangu, habari yake ingekomea hapo, na leo nisingekuwa na la kuandika.

Wahenga walisema kuwa mlango mmoja ukifungwa, mwingine hufunguliwa. Hawakutuambia, hata hivyo, kwamba aghalabu huo mwingine huwa mdogo, nao humlazimu mtu kuinama ili apite. Ujiri aliinama. Alianza kuifanyia kazi klabu ya Orlando Magic kama msaka vipawa, yaani mtu azungukaye nchi mbalimbali akiwatazama vijana wachezao na kuiarifu klabu ni nani anafaa. Kazi hiyo aliifanya bila mshahara, na gharama za safari alijilipia mwenyewe. Mchezaji aliyekwisha kulipwa kwa jasho lake alikubali kukaa jukwaani na kuandika habari za jasho la wengine. Nawaza mara ngapi alijiuliza kama hakuwa anapoteza umri wake.

Bidii hiyo ilionekana. Klabu ya Denver Nuggets ilimwajiri kuwa msaka vipawa wa kimataifa, safari hii kwa mshahara. Mwaka wa 2007 alihamia Toronto Raptors ya Kanada, akapanda hadi kuwa naibu wa meneja mkuu. Mwaka wa 2010 Denver ilimwita tena, mara hii aongoze shughuli zote za mpira. Akawa Mwafrika wa kwanza kushika usukani wa namna hiyo katika ligi kubwa za michezo za Marekani. Katika msimu wa 2012/13 Denver ilishinda mechi 57, naye akatuzwa kuwa msimamizi bora wa mwaka katika ligi nzima. Hakuna mtu asiye Mmarekani aliyekuwa amewahi kuipata tuzo hiyo. Mwaka huohuo wa 2013 Toronto ikamrudisha kwake.

Huenda mwanafunzi akauliza, "Msimamizi wa klabu hufanya nini hasa, ilhali hagusi mpira wala hapigi firimbi?" Swali ni la haki. Yeye ndiye huamua ni nani avae jezi ya klabu. Huajiri na huachisha kazi makocha. Hupima mikataba, kwa kuwa ligi ile huweka kikomo cha mishahara, na anayempa mchezaji mmoja fedha nyingi kupita kiasi hujikuta hana za kuwalipa wenziwe. Kila mwaka vilabu huteua wachezaji chipukizi kwa zamu, na hapo jicho la msaka vipawa hupata mtihani wake. Toronto ilimteua Pascal Siakam, kijana wa Kamerun, mwaka wa 2016 akiwa wa ishirini na saba. Kwa maneno mengine, uteuzi ulikuwa umefanywa mara ishirini na sita kabla jina lake halijatajwa. Siakam alikuja kuwa nguzo ya timu ya mabingwa.

Kazi hiyo, basi, ina Hisabati, sheria, lugha na elimu ya nafsi ya binadamu. Ina uchungu pia, na hapa sina budi kumtazama Ujiri kwa macho mawili.

Katika msimu wa 2017/18 Toronto ilishinda mechi 59, idadi ambayo klabu hiyo haikuwa imewahi kuifikia. Ilipofika awamu ya mchujo ikaangushwa na Cleveland ya LeBron James, kwa mwaka wa tatu mfululizo. Ujiri alimwachisha kazi kocha Dwane Casey, ambaye mwezi uliofuata alituzwa kuwa kocha bora wa mwaka. Kisha akambadilisha DeMar DeRozan, mchezaji aliyekuwa ameitumikia klabu misimu tisa na kupendwa na mji mzima, ili apatikane Kawhi Leonard, ambaye mkataba wake ulikuwa umebakisha mwaka mmoja tu. DeRozan aliumia moyoni, kwani aliamini alikuwa amehakikishiwa kwamba hangeondolewa. Ujiri aliomba radhi hadharani kwa kutoelewana kulikotokea baina yao.

Nimewahi kulijadili jambo hili na walimu wenzangu katika chumba cha mapumziko, na hatukuafikiana. Mmoja alidai kwamba huo ulikuwa usaliti mtupu. Mwingine alisema kwamba kiongozi asiyeweza kufanya uamuzi mchungu hafai kuongoza. Mimi nadhani wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Uamuzi unaweza kuwa sahihi na bado ukamdhulumu mtu, na kiongozi mwadilifu hatakiwi kujisahaulisha dhuluma hiyo kwa sababu tu mambo yamemwendea vyema.

Na mambo yalimwendea vyema. Tarehe 13 Juni 2019 Toronto iliishinda Golden State Warriors katika mechi ya sita ya fainali, huko Oakland, California, ikawa klabu ya kwanza ya nje ya Marekani kutwaa ubingwa wa NBA. Firimbi ya mwisho ilipopulizwa, Ujiri alitoka jukwaani akielekea uwanjani kuwakumbatia vijana wake. Askari mmoja wa zamu akamzuia na kumsukuma, kisha akamsukuma tena. Baadaye askari huyo alimshtaki mahakamani, akidai kwamba yeye ndiye aliyeshambuliwa. Mwezi Agosti 2020 picha za kamera iliyokuwa kifuani mwa askari huyo zilitolewa hadharani, zikaonyesha ni nani aliyeanza kusukuma. Kesi iliondolewa mwezi Februari 2021. Ujiri alisema bayana kwamba yaliyomfika yalitokana na rangi ya ngozi yake, na kwamba yeye alikuwa na uwezo wa kujitetea ambao wengi wanaotendewa hayo hawana.

Nawaomba wanafunzi wakitafakari kisa hicho. Mtu aliijenga timu kwa miaka sita, na saa ya kuvuna akazuiwa kizingitini kana kwamba ni mdandiaji. Elimu na cheo havimwondolei Mwafrika kila kizuizi. Ushahidi, subira na ulimi usiotetereka vilimfaa pale ambapo ngumi ingemponza.

Kuna jambo jingine linalonifanya nimheshimu. Mwaka wa 2003, alipokuwa bado mchanga katika kazi hiyo, alishiriki kuanzisha shirika la Giants of Africa, ambalo huwafunza mpira wa vikapu vijana wa bara hili, wavulana kwa wasichana, na kuwajengea viwanja. Mwezi Julai 2018 alikuwa Kogelo, kaunti ya Siaya, wakati Barack Obama na dadake Auma walipokifungua kituo cha wakfu wa Sauti Kuu, chenye uwanja wa mpira wa vikapu. Mwaka wa 2023 shirika hilo liliwakusanya vijana wa nchi nyingi za Afrika mjini Kigali.

Sisemi kwamba kila kijana wa Landless atakuwa Ujiri. Kusema hivyo kungekuwa kuwadanganya watoto. Wazazi wake walikuwa watu wenye elimu na kazi, na milango mingine humfungukia mtu kwa bahati. Wala cheo si cha milele. Tangu ubingwa ule Toronto haikuonja tena fainali chini yake, na mwezi Juni 2025 yeye na klabu wakaachana. Cheo ni dhamana. Huja kwa wakati wake na huondoka kwa wakati wake.

Ninalosema ni kwamba sisi walimu tumekuwa tukiwagawa watoto mafungu mawili: wanaocheza na wanaotazama. Anayekosa nafasi katika fungu la kwanza tunamrudisha darasani kana kwamba ametoka safari ya kupotea. Ilhali Kenya yenyewe inaanza kuhitaji watu wa fungu la tatu. Mwaka wa 2021 timu yetu ya taifa ilirejea katika mashindano ya ubingwa wa Afrika baada ya miaka 28, kwani mara ya mwisho ilikuwa 1993, mashindano hayo yalipoandaliwa Nairobi. Mwaka wa 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kushiriki Ligi ya Vikapu ya Afrika. Klabu ya kiwango hicho haiendeshwi na wachezaji peke yao. Inahitaji mhasibu, mwanasheria, tabibu, mweka takwimu, na mtu mwenye jicho la kumwona mchezaji kabla wengine hawajamwona. Mtaala wa Umilisi nao umeitenga michezo na sanaa kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari pevu, na tayari nawasikia wazazi wakinong'ona kwamba huo ni mkondo wa walioshindwa. Maneno hayo hayana tofauti na yale niliyomwambia kijana wangu.

Siku iliyofuata nilimrudishia daftari lake. Nilimwambia kwamba nilikosea, neno ambalo si jepesi kinywani mwa mwalimu. Kisha nikampeleka kwa mwalimu wa michezo, naye alizisoma kurasa zile za nyuma akiwa amesimama, hadi kengele ikalia. Alimwuliza kijana swali moja tu: "Huyu unayesema huchoka robo ya tatu, tufanye nini naye?"

"Apumzishwe dakika tatu mwishoni mwa robo ya pili, mwalimu," kijana akajibu bila kusita, kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo mwaka mzima.

Tangu siku hiyo ana kiti chake kando ya kocha, ana kalamu, na ana daftari jipya ambalo shule imemnunulia. Mechi iliyofuata tulishindwa kwa pointi nne. Yeye alikuwa na maelezo ya kila moja ya pointi hizo, na timu nzima ilikaa chini ikamsikiliza.