Insulini na Mtungi wa Maji

Wakazi wa Kimali, katika Mkoa wa Simiyu, hula ugali, viazi vitamu na michembe. Vyakula hivi vina wanga. Wanga ukisagwa tumboni hugeuka sukari, nayo sukari huingia katika damu. Sukari hiyo ndiyo itupayo nguvu za kulima pamba, kuchunga ng'ombe na kucheza.

Ili sukari itoke katika damu na kutumiwa na mwili, inahitajika insulini. Insulini hutengenezwa na kiungo kiitwacho kongosho. Kuna watoto ambao kongosho lao huacha kuitengeneza. Sukari huzidi katika damu, na nyingine hutoka pamoja na mkojo. Mtoto hukojoa mara kwa mara, huona kiu kali, hukonda na kuchoka ingawa anakula. Huu ni ugonjwa wa kisukari. Hauambukizi, wala hauletwi na uchawi. Sukari ikizidi kwa miaka mingi huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu, na vidonda vya miguu huchelewa kupona.

Zamani watoto wenye ugonjwa huu hawakuishi muda mrefu. Mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini kutoka katika kongosho la mbwa, mjini Toronto, Kanada. Januari 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alidungwa dawa hiyo akapata nafuu. Insulini haimezwi, kwa sababu ingesagwa tumboni kama chakula. Kwa hiyo mgonjwa hudungwa sindano kila siku.

Joto kali huharibu insulini, na ikiganda kwa baridi huharibika pia. Hospitalini huwekwa katika jokofu. Je, nyumba isiyo na jokofu ifanyeje? Fanya jaribio hili.

Jaribio

Weka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa. Jaza mchanga katikati yake, kisha uloweshe kwa maji. Chukua chupa mbili za maji yenye joto sawa. Weka moja ndani ya chungu kidogo, ufunike kwa kitambaa kibichi. Nyingine iache mezani. Weka vyote kivulini, penye upepo. Baada ya saa tatu, pima maji ya kila chupa kwa kipimajoto.

Utaona kwamba maji ya chunguni ni ya baridi zaidi. Maji ya mchangani yanapogeuka mvuke huchukua joto la chungu. Hivyo ndivyo mtungi upoozavyo maji ya kunywa, na ndivyo wagonjwa wengine huhifadhi insulini, chupa ikiwa ndani ya kopo lisiloingiza maji.

Kumsaidia mwenzako

Mgonjwa akidungwa insulini asile chakula, sukari yake huweza kupungua mno. Hutoka jasho, hutetemeka na kuchanganyikiwa. Mpe upesi maji yenye sukari nyingi, na umwite mwalimu. Usimwache peke yake. Akizimia, usimtie kitu chochote mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja.

Maswali
1. Kwa nini insulini haimezwi?
2. Kwa nini mchanga wa chungu uloweshwe kila unapokauka?
3. Mwenzako mwenye kisukari anatetemeka darasani. Utafanya nini?