Usalama wa tai chi na athari zake kwa afya

Tai chi (kwa Kichina: 太極拳, taijiquan) ni sanaa ya mapigano kutoka China ambayo siku hizi hufanywa hasa kama mazoezi ya afya. Anayeifanya husogea polepole bila kukatiza, akihamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine huku akipumua kwa utulivu. Kwa jumla ni mazoezi salama, hata kwa wazee, lakini hayachukui nafasi ya matibabu.

Mitindo inayojulikana zaidi ni Chen, Yang, Wu na Sun. Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya China ilitoa mfululizo mfupi wa miondoko 24, uliotokana na mtindo wa Yang, ili watu wengi waweze kujifunza kwa urahisi.

Faida

Faida iliyothibitishwa vizuri zaidi ni kupunguza kuanguka kwa wazee. Mara nyingi mzee huanguka wakati uzito wake uko juu ya mguu mmoja, kwa mfano anapogeuka au kupanda ngazi. Tai chi humzoesha kufanya jambo hilohilo polepole, na kwa kuwa magoti hukunjwa kidogo, misuli ya mapaja hupata nguvu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2019 yalionyesha kwamba tai chi hupunguza idadi ya wazee wanaoanguka kwa takriban 20%.

Mwaka 2012 utafiti uliofanyika Marekani kwa wagonjwa 195 wa Parkinson ulionyesha kwamba waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walisimama imara zaidi, na walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Mwaka 2016 utafiti mwingine ulionyesha kwamba kwa wenye maumivu ya goti yanayotokana na kulika kwa gegedu, tai chi ilileta nafuu inayolingana na ile ya tiba ya viungo.

Madhara

Madhara yanayotajwa zaidi ni maumivu madogo ya misuli, magoti na mgongo. Hata hivyo, mapitio ya mwaka 2014 yalikuta kwamba kati ya majaribio 153, ni 50 tu yaliyoeleza lolote kuhusu madhara. Kwa hiyo usalama wa tai chi haujachunguzwa kikamilifu kama faida zake.

Goti huumia hasa linapopindishwa upande wakati mguu umekanyaga chini na kubeba uzito. Ili kuzuia hilo, goti lielekee upande uleule wa vidole vya mguu na lisivipite kwa mbele. Kusimama chini sana, kama katika mtindo wa Chen, huongeza mzigo kwa magoti.

Tahadhari

Wajawazito na watu wenye ngiri, mifupa dhaifu, kizunguzungu au ugonjwa wa moyo wanashauriwa kuzungumza na daktari kabla ya kuanza. Asiyeweza kusimama imara anaweza kushika kiti au kufanya mazoezi akiwa ameketi. Anayepata maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi aache mara moja na kutafuta matibabu. Dawa zisiachwe bila ushauri wa daktari, hata mgonjwa akijisikia nafuu.