Mwezi Hauchukui Matabishi

Nakausha ndagala, dagaa wetu, hapa pwani ya Kalemie tangu nilipokuwa mke mpya, na kabla sijasikia mtu akitaja usimamizi wa uvuvi nilikwishajua kwamba Ziwa Tanganyika hufungwa. Hufungwa na mwezi. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa: mitumbwi inaunganishwa kwa miti, wavu unashushwa chini yake, taa zinaning'inizwa juu ya maji, ndagala wakikusanyika kwenye mwanga wavu unavutwa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina kazi. Basi kila mwezi tunapata kama wiki nzima ya mapumziko. Wanaume wanashona nyavu, sisi tunauza akiba. Sijasikia mtu akinung'unika, maana tajiri na maskini wanalala nyumbani usiku uleule.

Mwaka 2024 ikaja amri nyingine: kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, asivue mtu. Si Kongo peke yake, bali pamoja na Tanzania, Burundi na Zambia, nchi nne zilizotia saini mkataba wa kulitunza ziwa huko Dar es Salaam mwaka 2003, zenye mamlaka yao ya pamoja mjini Bujumbura. Sisi tuna sehemu kubwa zaidi ya maji, kama asilimia 45, na Tanzania 41. Kongo ikifunga peke yake, Kigoma watakula. Kigoma wakifunga peke yao tutakula sisi, na tutawacheka.

Ndagala haishi sana, kama mwaka mmoja hivi, lakini huzaa kwa wingi. Wadogo hukulia karibu na ufuko, na hapo ndipo chandarua cha mbu kinapowakuta. Siku moja kijana aliniletea beseni la alichokokota. Samaki wenyewe hawakufika urefu wa ukucha. Nilinunua, nisijifanye mtakatifu. Niliwatandaza mchangani asubuhi. Jioni nikakuta kitu kama uji ulioganda, nusu samaki, nusu mchanga. Hata kuku walikidonoa wakakiacha. Beseni lile, kama lingeachwa miezi michache majini, lingekuwa magunia. Na mgebuka, ambaye chakula chake ni ndagala, angekula nini?

Hata hivyo, sisi wakaushaji tarehe zile zilituuma. Mei hadi Agosti ni kiangazi, jua letu la kazi. Masika ndagala huoza mikononi mwako, unawageuza huku unaangalia mawingu. Niliambiwa kwamba katika kiangazi hichohicho upepo wa kusi huvuruga ziwa na kupandisha rutuba ya chini, samaki wakapata chakula. Nikaelewa, ingawa kuelewa hakulipi ada ya shule.

Tena kufunga hakutibu kila kitu. Mwaka 2016 wanasayansi waliosoma matope ya chini ya ziwa walieleza kwamba samaki walianza kupungua kabla hata ya uvuvi mkubwa wa biashara, maji yalipozidi kupata joto. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na rutuba inabaki kilindini. Chandarua unaweza kukikamata; joto utalikamatia wapi?

Ndiyo maana mimi napigania kichanja. Wavu wa waya juu ya miti, kimo cha kiuno, upepo unapita chini, mchanga haumo, mvua ikija unafunika turubai. Samaki wachache wasiooza wananilisha kuliko wengi wanaooza. Kwa nini kila mkutano wa uvuvi uzungumzie nyavu tu, na mwanamke aliyeshika beseni asiulizwe?

Katika miezi ile mitatu ya kufungwa minong'ono haikuisha: fulani kaonekana na taa, fulani kawapa walinzi matabishi, yaani hongo. Kweli au uongo, iliwakatisha tamaa waliotii. Jirani yangu mvuvi, aliyekuwa amekwisha kuuza redio yake, aliniambia, "Mama, mwezi hauchukui matabishi. Ndiyo maana tunauheshimu."

Agosti ikafika, ziwa likafunguliwa. Watu walishuka pwani na mabeseni, watoto mgongoni, nami nimekwisha kufagia kichanja. Tukainua macho. Mwezi ulikuwa karibu kujaa. Tarehe 19 ukawa mpevu kabisa, maji meupe kama mchana. Jirani akazima taa yake, akakaa juu ya mtumbwi, akacheka mpaka akakohoa.

"Haya, mama," akasema, "huyu naye amefunga. Tusubiri giza."