Mayai yamepungua ghafla? Usipokee oda nyingine kwanza

Leo siongelei picha wala matangazo, naongelea kuku. Humu tupo wengi tunaouza mayai kupitia stetasi ya WhatsApp, na kuku akigoma, biashara imegoma.

Mimi nafuga uani, hapa Ujiji. Mwaka 2024 nilikuwa na matetea 24 chotara, napata mayai 16 hadi 18 kwa siku. Wateja wengi wako Mwanga na Gungu: wanalipa kwanza, trei inapanda bodaboda.

Mwezi wa sita yakaanza kushuka. 15, 13, 11. Nikaona huu ugonjwa, nikakimbia kununua antibayotiki nikaweka kwenye maji. Hakuna kilichobadilika. Tena mayai ya siku zile sikuuza, maana dawa zile nyingi zinabaki ndani ya yai na pakiti inakwambia usubiri siku ngapi. Hasara mara mbili.

Kumbe tatizo lilikuwa ziwani. Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Dagaa wakapanda bei, na mimi niliyezoea kuchukua mabaki ya dagaa Kibirizi nikawa nawapa kuku pumba tupu. Yai linataka protini, ganda linataka kalsiamu. Nikaongeza mashudu ya alizeti na chokaa ya mifugo, na baada ya wiki kama tatu mayai yakarudi. (Dagaa wakirudi sokoni msizidishe jamani. Wakizidi, yai linanuka samaki, na mteja wa keki atakurudishia trei yako.)

Mwezi wa kumi yakashuka tena. Safari hii siku mbili tu, kutoka 17 hadi 9, mengine ganda laini kama karatasi. Mimi najiona mjuzi, nikasema chakula hicho. Nikaongeza mashudu.

Siku ya tatu kuku wamejikunyata, wanahema mdomo wazi, kinyesi cha kijani, mmoja shingo imepinda. Ulikuwa mdondo, wengine mnauita kideri. Nilikuwa nimenunua kuku wawili wapya wiki iliyotangulia nikawaingiza bandani moja kwa moja. Wiki ikaisha nimebaki na kuku 7, na trei nne za watu zimeshalipiwa.

Niseme ukweli. Kuna mtu aliniambia uza waliobaki haraka kabla hawajafa, na nikapiga picha mbili nikaweka stetasi. Mama jirani akaja kuuliza bei, ana kuku kumi wake nyumbani. Nikashindwa kumwangalia usoni. Nikamweleza, nikafuta picha. Hela za wateja nilizirudisha kidogo kidogo, ilichukua wiki tatu.

Mdondo ni virusi, hauna dawa ya kuutibu. Kuna chanjo tu. Ile ya I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Ni tone moja kwenye jicho, unarudia kila miezi mitatu, kwa kuku wazima tu. Ukimpa aliyeshaugua umechelewa. Kinga nayo inahitaji wiki moja hadi mbili kujijenga, kwa hiyo usisubiri mpaka usikie kuku wa mtaa wa pili wanakufa. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, ndiyo maana ni bora kuchanga na majirani.

Siku hizi naandika mayai kwenye daftari kila jioni. Yakishuka polepole na kuku wamechangamka, naangalia chakula, maji, nani ananyonyoka manyoya, nani anaatamia, nani anataga kichakani. Yakishuka kwa siku mbili, nafunga oda hapo hapo na kumpigia afisa mifugo wa kata, kwa sababu magonjwa ya kuku yanafanana na mimi si daktari. Anayekufa tunamfukia shimo refu. Kuku mgeni anakaa peke yake wiki mbili, hata akiwa mzuri vipi.

Na malipo nachukua ya mayai yaliyopo kwenye trei tu, si ya kesho. Chanjo ya mtaa wetu ni Jumamosi hii, tumeshachanga nyumba sita, mama jirani ndiye anayeshika hela.