Jina la Bidhaa Yako Halivuki Mpaka Lenyewe: Lilinde Kabla ya Kutuma Sampuli Nje



Leo tunawaacha nzi wa matunda kidogo, tuangalie jina lililo kwenye pakiti. Katika vikundi ninavyovitembelea hapa Makueni, wengi wameshachoka kumuuzia dalali embe kwa kukadiria kwa macho. Wanakausha, wanapakia, wanabandika lebo yenye jina lao, na sasa wanatafuta mnunuzi Dubai, London au Kigali. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini jina lenyewe wengi wanalihesabu kuwa lao kwa sababu tu ndio waliolibuni.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Afisa, sisi tumeshasajili jina. Si inatosha?"

Kwanza nikuulize, umesajili nini? Cheti cha jina la biashara unachokipata kupitia eCitizen kinaonyesha tu kwamba unafanya biashara kwa jina hilo. Alama ya biashara ni kitu kingine. Inasajiliwa KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, na ndiyo inayokupa nguvu ya kumzuia mtu mwingine asitumie jina au nembo yako kwenye bidhaa kama zako. Na hata ukiwa na cheti cha KIPI mkononi, nguvu yake inaishia mpakani. Ukivuka Namanga, au ndege ikishatua Dubai, cheti hicho peke yake hakikulindi.

Hatari iko wapi hasa?

Tuchukulie umepata ajenti Dubai. Umemtumia kilo 20 za embe kavu aonjeshe wateja. Wateja wamependa. Ajenti anaenda kimya kimya, anasajili jina lako kule kwa jina lake yeye. Mwaka unaofuata mnatofautiana bei, unaamua kumuuzia mtu mwingine. Sasa ajenti ana cheti, wewe huna. Anaweza kuomba mzigo wako uzuiwe, na akawaambia maduka kwamba bidhaa yako ndiyo bandia. Hapo utachagua: ubadilishe jina uanze upya, umlipe, au uende mahakamani kwenye nchi ya watu. Nchi nyingi, China ikiwemo, zinamtazama zaidi aliyewahi kuomba kuliko aliyewahi kulitumia jina.

Usione ni hadithi ya kutishana. Neno rooibos, ile chai nyekundu ya Afrika Kusini, lilisajiliwa Marekani mwaka 1994 kama alama ya kampuni moja. Wakulima na wauzaji wa Afrika Kusini walihangaika nalo hadi 2005 ndipo likaachiliwa. Miaka 11 kwa jina la mmea unaoota kwao!

Mfumo wa Madrid ni nini?

Ungeweza kwenda nchi moja baada ya nyingine, kila mahali wakili wake, lugha yake na ada zake. Kwa mkulima anayeanza, hiyo pesa haipo. Ndiyo maana kuna Mfumo wa Madrid. Ulianza kwa mkataba wa 1891, na itifaki inayotumika siku hizi ilikubaliwa 1989. Unasimamiwa na WIPO, Shirika la Dunia la Miliki Bunifu, lenye makao Geneva. Kenya iko ndani tangu 1998.

Unapeleka ombi moja, unalipa ada kwa sarafu moja, na unachagua nchi unazotaka miongoni mwa zaidi ya nchi 120. Rwanda imo tangu 2013, Zambia tangu 2001, Oman tangu 2007, na Falme za Kiarabu, yaani Dubai na wenzake, tangu Desemba 2021. Uingereza, Marekani, China na India zimo. Umoja wa Ulaya unauchagua kwa mkupuo mmoja, lakini Uingereza sasa ni ya kivyake.

Majirani zetu Tanzania na Uganda hawamo. Ukitaka kuuza Dar es Salaam, utaomba BRELA, na Zanzibar ina ofisi yake tofauti, BPRA. Kampala ni URSB. Usije ukadhani Madrid imekufikisha huko.

Na mtu asikudanganye kwamba unapata "alama ya dunia nzima." Hakuna kitu kama hicho. Geneva wanakagua kama fomu iko sawa, wanaandika kwenye daftari la kimataifa, kisha wanazijulisha nchi ulizochagua. Kila nchi inakagua kwa sheria yake na ina miezi 12, nyingine 18, ya kusema kama inakataa. Ikikataa, hapo ndipo utahitaji wakili wa nchi ile. Isipokataa ndani ya muda huo, alama yako inalindwa kule kama vile uliisajili palepale.

Kila kitu kinaanzia nyumbani

Huwezi kuruka KIPI. Ombi la kimataifa linasimama juu ya ombi au usajili wa hapa Kenya, na KIPI ndio wanaothibitisha na kulipeleka Geneva. Kwa hiyo kosa la nyumbani linasafiri nalo. Angalia mambo matatu.

*La kwanza, mmiliki.* Jina la mwenye alama hapa lazima liwe lile lile kwenye ombi la kimataifa. Nimeona vikundi ambapo alama iko kwa jina la mwenyekiti, kwingine kwa jina la kijana aliyechora nembo. Akiondoka, anaondoka na jina. Sajilini kampuni au ushirika kwanza, kisha alama iwe mali ya chombo hicho.

*La pili, daraja la bidhaa.* Bidhaa na huduma zote zimegawanywa kwenye madaraja 45. Embe bichi la kuuzwa kama tunda liko daraja la 31. Likikaushwa, linahamia 29. Ukikamua juisi, ni 32. Asali, kahawa na chai ziko 30. Sasa ukisajili 31 peke yake halafu unauza embe kavu nje, umefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Na huko nje huwezi kuongeza bidhaa ambayo haimo kwenye ombi lako la Kenya. Kwa hiyo fikiria mapema utakachouza miaka mitatu ijayo, si cha leo tu.

*La tatu, jina lenyewe.* Jina linaloeleza bidhaa tu, kama "Embe Tamu", au jina tupu la mahali, hupata shida. Ethiopia walikutana na hilo. Mwaka 2005 waliomba Marekani alama za majina ya kahawa yao: Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha kule kikapinga, hoja ikiwa kwamba majina hayo yanaeleza tu aina ya kahawa na inakotoka. Mvutano na Starbucks uliisha kwa makubaliano mwaka 2007. Ile ilikuwa serikali nzima, ikiwa na mawakili na watetezi duniani. Wewe na wenzako kumi hamna nguvu hiyo. Buni jina lisiloeleza bidhaa, kisha litafute bure kwenye hifadhidata ya alama ya WIPO uone kama kuna mwenye linalofanana nalo katika nchi unazolenga.

Miaka mitano ya kuchunga

Kwa miaka 5 ya kwanza, usajili wa kimataifa unaning'inia kwenye ule wa Kenya. Mtu akiweka pingamizi KIPI na wewe ukashindwa, na nchi zote ulizochagua zinaanguka pamoja. Una miezi 3 ya kugeuza usajili huo kuwa maombi ya nchi moja moja, lakini ni gharama nyingine. Hapa Kenya, ombi likitangazwa, watu wana siku 60 za kupinga. Ushauri wangu: kama soko lako halina haraka, subiri siku hizo zipite ndipo uende nje. Kama mnunuzi yuko mlangoni, usingoje. Ukipeleka ombi la kimataifa ndani ya miezi 6 tangu siku ulipoomba KIPI, unaweza kudai tarehe ile ya kwanza, na aliyeingia katikati anakuwa nyuma yako.

Pesa je?

Ada ya msingi ya WIPO ni faranga za Uswisi 653 kama alama ni nyeusi na nyeupe, 903 kama ina rangi. Hiyo inabeba madaraja matatu. Juu yake kuna ada ya kila nchi: zisizojipangia ada zao ni faranga 100, lakini nchi nyingi kubwa zina ada zao na ziko juu zaidi. KIPI nao wana ada yao. Usikadirie kichwani, tovuti ya WIPO ina kikokotoo, weka nchi na madaraja yako kitakupa jumla. Wasomaji wangu wa Rwanda, nchi yenu iko kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, kwa hiyo ada ya msingi kwenu ni asilimia 10 tu. Sisi Kenya tunalipa nzima.

Usichague nchi 15 kwa kujionyesha. Uingereza na Umoja wa Ulaya, usipoitumia alama kwa miaka 5 mfululizo, mtu anaweza kuomba ifutwe. Marekani wanataka utie sahihi kwamba kweli unakusudia kuitumia. Chagua nchi mbili au tatu ambako una mnunuzi au mazungumzo ya kweli. Nyingine unaweza kuziongeza baadaye kwenye usajili ule ule. Ulinzi ni wa miaka 10, na unauhuisha kwa ombi moja.

Kabla sampuli haijatoka

1. Thibitisha alama iko KIPI, kwa jina la kampuni au ushirika, kwenye madaraja yote ya bidhaa zako.
2. Tafuta jina lako kwenye hifadhidata ya WIPO, nchi kwa nchi.
3. Piga hesabu ya ada, mgawane gharama kama mnavyogawana ya kikaushio.
4. Peleka ombi la kimataifa kupitia KIPI, ndani ya miezi 6 ukiweza.
5. Kwenye mkataba na ajenti, andikeni wazi kwamba jina ni lenu na haruhusiwi kulisajili popote. Mkataba hauchukui nafasi ya usajili, lakini unakupa pa kushika.

Msimu wa embe unaanza Novemba, na wanunuzi huanza kuomba sampuli mapema. Kikundi kinachotaka tupitie fomu pamoja, njooni na cheti chenu cha KIPI na lebo. Na kama umepata ajenti lakini bado hujasajili, kilo hizo 20 zikae stoo kwanza.