Filamu za zamani za kutisha za Uingereza: ni nani mwovu katika hadithi?

Wakristo wengi wakisikia maneno "filamu ya kutisha" hufunga mlango mara moja. Tunawaelewa. Sinema nyingi za ulozi zinazopita kwenye simu za vijana wetu hazimjengi mtu. Zinamwacha mtoto akimwogopa bibi yake. Lakini kuna filamu za kutisha na za sayansi ya kubuni zilizotengenezwa Uingereza hasa kati ya miaka 1955 na 1973, ambazo watu wa nchi nyingi bado wanazipenda na kuzitazama tena na tena, hata waliozaliwa miaka mingi baadaye. Mapenzi hayo yana sababu zake, na moja inayagusa makanisa yetu ya mashariki.

Jina linalotajwa kwanza ni Hammer, kampuni ndogo iliyoanzishwa 1934. Studio yake ya Bray ilikuwa nyumba kubwa ya zamani kando ya mto Thames. Pesa zilikuwa chache, hivyo vyumba vilevile vilipambwa upya: mwezi huu ngome ya Dracula, mwezi ujao nyumba ya daktari. Mwaka 1955 ilitoa The Quatermass Xperiment, kutokana na hadithi ya televisheni ya Nigel Kneale: mtu anarudi kutoka anga za juu akiwa amebeba kitu kinachomla mwili polepole. Wakaguzi wa filamu waliweka alama ya X kwenye filamu za watu wazima tu, na kampuni, badala ya kuona haya, iliingiza herufi hiyo ndani ya jina la filamu. Zikafuata Frankenstein mwaka 1957 na Dracula mwaka 1958, zote mbili zikiongozwa na Terence Fisher, wakicheza Peter Cushing na Christopher Lee. Mwaka 1968 Hammer ilipewa tuzo ya Malkia kwa mapato iliyoleta kutoka nchi za nje. Hofu iliuzwa ng'ambo kama bidhaa nyingine yoyote.

Kinachowavuta wapenzi wake si damu. Ukilinganisha na filamu za leo, damu ile ni kidogo, tena inaonekana wazi kuwa rangi. Kinachowavuta ni uzito wa waigizaji. Cushing hakucheka hadithi aliyopewa, hata kama ilikuwa ya ajabu namna gani. Mwishoni mwa Dracula anafungua mapazia ili jua liingie, kisha anashika vinara viwili vya mishumaa na kuvikutanisha viwe msalaba. Wazo la vinara lilikuwa lake mwenyewe. Ni picha nzuri, ingawa Mprotestanti anaweza kuikunjia uso kidogo, maana msalaba pale unafanya kazi kama hirizi.

Filamu zilizo bora zaidi zinauliza swali lingine: uovu unakaa wapi hasa? Katika The Plague of the Zombies, ya 1966, kijiji kimoja cha Cornwall kinapoteza watu kwa ugonjwa usiojulikana, na makaburi yanakutwa matupu. Mwenye mali wa pale, aliyewahi kuishi Haiti, anawafufua wafu kwa uganga na kuwatumikisha katika mgodi wake wa bati. Hawaombi mshahara, hawaombi chakula. Neno zombi lenyewe wataalamu wengi wanalihusisha na lugha za Kongo, likiwa limevuka bahari pamoja na watumwa. Mtu wa Kivu au Maniema hahitaji maelezo marefu kuhusu tajiri anayetaka madini bila kumlipa mchimbaji. Anayetisha katika filamu ile si maiti. Ni bwana mwenye nguo safi anayekaribisha wageni mezani.

Mwaka 1967 ikaja Quatermass and the Pit. Wafanyakazi wanachimba njia ya treni chini ya jiji la London na kukuta mafuvu ya kale, kisha chombo kilichotoka sayari nyingine. Kwa muda mrefu watu wa mtaa ule walikuwa wameona mambo ya ajabu wakidhani ni shetani. Siri inafunuliwa: viumbe wale waliacha ndani ya wanadamu tabia ya kuwinda na kuua kila aliye tofauti, na chombo kinapoamka umati unaanza kuwaua jirani zao. Kneale aliiandika kwanza kwa televisheni, ikaonyeshwa kuanzia Desemba 1958, miezi michache baada ya vurugu ambamo Waingereza weupe waliwashambulia watu weusi wa Notting Hill. Msaada hauji kwa silaha ya jeshi. Unakuja kwa Roney, mwanasayansi mpole, anayepanda winchi ndefu na kuiangusha juu ya lile pepo la mwanga, akafa palepale.

Filamu inayotuhusu zaidi haikutengenezwa na Hammer. Ni Witchfinder General ya 1968, iliyoongozwa na Michael Reeves akiwa na umri wa miaka 24 tu. Alifariki mwaka uliofuata. Ndani yake hakuna jini wala mfu anayetembea. Yupo Matthew Hopkins, mtu aliyeishi kweli, mtoto wa mchungaji, ambaye kati ya 1644 na 1647, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alizunguka vijiji vya mashariki ya Uingereza akitafuta wachawi kwa malipo. Mji wa Stowmarket peke yake ulimlipa pauni 23, fedha nyingi sana wakati ule. Sheria ya nchi ilikataza mateso, basi yeye na wenzake waliwanyima washtakiwa usingizi usiku baada ya usiku mpaka wakiri. Waliwachoma sindano kutafuta alama ya shetani mwilini. Waliwafunga na kuwatupa majini: aliyeelea alihesabiwa mchawi. Watu zaidi ya 100 walinyongwa. Yeyote aliyesikia kwetu juu ya mtoto aliyenyimwa chakula siku kadhaa katika chumba cha maombi "ili aungame" ataijua njia hiyo.

Mmoja wa walionyongwa alikuwa mchungaji, John Lowes wa Brandeston, mzee wa miaka 80 hivi, aliyekuwa amegombana na waumini wake kwa muda mrefu. Inasimuliwa kwamba alijisomea mwenyewe ibada ya mazishi kabla ya kufa. Katika filamu yumo, akiwa mjomba wa msichana Sara. Mchumba wa Sara, askari mwema, anaapa kisasi mbele ya madhabahu, na anapompata Hopkins anamkatakata kwa shoka kama mtu aliyepoteza akili. Filamu inaishia kwenye kilio cha Sara. Hakuna anayeshangilia. Hopkins wa kweli alikufa kwa ugonjwa nyumbani, mwaka 1647.

Mtu ambaye filamu ilimwacha ni John Gaule, mchungaji wa Great Staughton, na kwa maoni yetu alistahili nafasi. Hopkins alipoandika barua kuuliza kama angepokelewa vizuri pale, akilalamika kwamba mchungaji wao anapinga kazi yake kwa ujinga, Gaule alipanda mimbarini akahubiri dhidi yake, na mwaka 1646 akatoa kitabu. Hakukana kwamba uchawi upo. Alikataa ushahidi wa namna ile: kwamba mwanamke awe mshtakiwa kwa kuwa ni mzee, ana makunyanzi na anaishi na paka. Kwetu huwa ni macho mekundu, au ndoto ya jirani. Andiko la Kutoka 22:18 lilitajwa sana siku zile. Kumbukumbu la Torati 19:15, linalodai mashahidi wawili au watatu, lilisahauliwa.

Uingereza ilifuta adhabu ya kifo kwa uchawi mwaka 1736. Kwetu, Katiba ya 2006 katika kifungu cha 41 inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inatoa adhabu kwa anayefanya hivyo, awe mzazi, nabii au mchungaji.

Kwa viongozi wa vijana wanaopenda kuonyesha filamu hizi: Witchfinder General si ya watoto, ina ukatili mwingi. Anzeni na Quatermass and the Pit. Na mkifika siku ya Hopkins na watu wazima, waulizeni kabla ya kuwasha mashine: katika kijiji hiki, ni nani anayelipwa?