Kimondo Kilichogeuzwa Sanamu
Ukisikia sanamu unawaza mchongaji na patasi yake. Sasa mchukue mwenzio mwende Mbozi, wilaya iliyokuwa Mkoa wa Mbeya kabla ya Songwe kuanzishwa mwaka 2016. Pale kuna donge la chuma la karibu mita 3, lililodondoka toka angani enzi ambazo hata masimulizi ya wenyeji hayazikumbuki.

Mwaka 1930 wageni walilikuta limezama ardhini. Baadaye likachimbwa pembeni, udongo wa chini yake ukajengewa kiti cha zege. Binadamu bwana, hatulii!

Isimila, Iringa, mambo ni kinyume: mvua na upepo ndio wachongaji, na nguzo zake zinaendelea kumomonyoka. Mimi nazipenda hizo. Mume wangu bado anang’ang’ania kimondo.